Jinsi ya kutafuta meli maarufu iliyozama, kuichunguza, na kutoa vitu vyake bila kuviharibu

Wadau, mtu akisikia meli iliyozama akili inakimbilia kwenye dhahabu, sanduku limepasuka na sarafu zinamwagika. Sawa, meli za hivyo zipo, ila hii kazi sehemu ya kuzama ndo fupi kuliko zote. Kuna miezi au miaka ya makaratasi kabla hujalowa hata unyayo, na kuna miaka ya matangi ya maji baada ya kutoa kitu, na hapo katikati ndo unapiga mbizi. Wengi wanaoharibikiwa wanaharibikiwa kwenye hizo ncha mbili, sio kule chini, kwa hiyo nitakaa zaidi huko.

Kwanza kabisa, hiyo meli ni ya nani?

Kuzama hakumaanishi haina mwenyewe. Mwaka 2007 kampuni ya Odyssey Marine Exploration ya Marekani ilitoa sarafu karibu laki sita kutoka Atlantiki, uzito wa tani 17 hivi, ikazipandisha ndege hadi Florida. Hispania ikaenda mahakamani ikasema hiyo ni Nuestra Señora de las Mercedes, meli ya jeshi letu la majini, ililipuka 1804 ikipigana na Waingereza. Wakashinda, na 2012 mzigo wote ukarudi Hispania. Yani umelipa meli, mafuta, roboti, mawakili, halafu unapakia kila kitu unakabidhi. Somo ni kwamba meli ya kivita inabaki mali ya nchi yake hata zikipita karne mbili, na mara nyingi ni kaburi pia, kwa hiyo hapo unaingia kwa adabu au huingii kabisa.

Meli ya biashara nayo ina watu wake. SS Central America ilizama 1857 kwenye kimbunga ikiwa na dhahabu ya California, ikapatikana 1988, na kampuni za bima zilizolipa fidia karne ya kumi na tisa zikajitokeza kudai fungu lao. Kesi zikaenda miaka na miaka, na kiongozi wa msako mwenyewe, Tommy Thompson, baadae akafungwa kwa kukataa kuiambia mahakama sarafu fulani za dhahabu ziko wapi.

Halafu kuna mkataba wa UNESCO wa 2001. Unalinda chochote cha binadamu kilichokaa majini miaka 100 au zaidi, unakataza kuvifanyia biashara, na unasema wazo la kwanza liwe kukiacha kitu palepale kilipo. Sio nchi zote zimeridhia, ila hata ambazo hazijaridhia nyingi zina sheria zao. Uingereza kwa mfano, kitu chochote ulichotoa kwenye mabaki ya meli unatakiwa kukiripoti ndani ya siku 28. Titanic ina kampuni moja iliyopewa haki na mahakama ya Marekani tangu 1994. Endurance, meli ya msafara wa Shackleton iliyozama kwenye barafu ya Antaktika, iko chini ya Mkataba wa Antaktika, ndo maana walioipata 2022 walipiga picha wakaondoka, hawakushika hata msumari.

Kwa hiyo barua ya kwanza unaandika kwa mamlaka ya mambo ya kale ya nchi yenye maji hayo. Omba kibali cha kutafuta tu. Cha kuchimba na kutoa vitu ni kibali kingine, kinakuja baadae, na kwa kawaida watakuuliza mambo mawili: mwanaakiolojia wako ni nani, na maabara ya kuhifadhi iko wapi. Kama huna majibu usipoteze muda wao.

Makaratasi

Hapa ndo meli zinapatikana, naomba mniamini. Chukua Nuestra Señora de Atocha, iliyozama 1622 karibu na Florida. Watu walikuwa wanaitafuta visiwa vya Matecumbe maana vitabu vilisema Matecumbe. Mwanahistoria Eugene Lyon akajifungia kwenye hifadhi ya nyaraka za Wahispania pale Sevilla, makaratasi yaliyoliwa na wadudu, mwandiko wa karne ya kumi na saba ambao hata Mhispania wa leo hausomi, akakutana na maelezo ya waliotumwa kuokoa mzigo wakati ule, wameandika Cayos del Marqués. Hivyo visiwa viko upande mwingine kabisa wa mji wa Key West! Mel Fisher, msaka hazina aliyekuwa anaitafuta, akahamisha vyombo vyake huko, na bado shehena kubwa haikupatikana hadi Julai 1985, baada ya miaka 16 ya kutafuta. Sasa jiulize angetumia miaka mingapi kama angeendelea kule kwa zamani.

Ukifika kwenye nyaraka tafuta kesi. Meli ikizama watu wanashtakiana, na kwenye kesi mashahidi wanaulizwa maswali ambayo na wewe ungeuliza: mlikuwa mbali gani na nchi kavu, upepo ulitoka wapi, mlipima maji mkapata pima ngapi. Tafuta pia madai ya bima, orodha ya shehena, na ripoti za waliojaribu kuokoa mzigo mara baada ya ajali, hao wa mwisho ni dhahabu tupu kwa sababu walikuwa juu ya meli yenyewe.

Ila usichukue namba kama zilivyo. Tarehe kwanza: Uingereza walibadili kalenda 1752, kabla ya hapo wako nyuma siku 10 au 11 ukilinganisha na Wahispania na Wafaransa, na ukikosea hapo umekosea umbo la mwezi na bamvua (maji makubwa), kwa hiyo mkondo unaokokotoa ni wa siku nyingine kabisa. Pili, longitudo. Ramani za Wafaransa zilihesabu kuanzia Paris, ambayo iko digrii 2 na dakika 20 mashariki ya Greenwich, na ukisahau hilo karibu na ikweta umekosa kwa kilomita 260 hivi. Tatu pima zenyewe, ya Mwingereza ni mita 1.83 na ya Mhispania kama 1.67, kwenye maji ya pima thelathini tofauti inaonekana.

Hata nahodha mzuri na vyombo vizuri anakosea. Titanic ilituma mahali ilipo kwa redio 1912, na mabaki yalikuja kupatikana zaidi ya kilomita 20 kutoka hapo. Frank Worsley wa Endurance yeye alipiga hesabu zake kwenye barafu, jua linaonekana kwa kuibia, na meli ikapatikana maili chache tu kusini ya alama yake. Mimi huyo mtu namvulia kofia.

Na wavuvi jamani. Kabla hujakodi mtambo wowote kaa na wavuvi wa eneo hilo, uliza nyavu zinakwama wapi. Mary Rose ya mfalme Henry VIII ilionekana mara ya kwanza 1836 kwa sababu nyavu zilikuwa zinanasa. Meli ya Uluburun, pwani ya Uturuki, ya zama za shaba, ilipatikana 1982 baada ya mzamia sponji kueleza kwamba ameona biskuti za chuma zenye masikio. Wanaakiolojia walikuwa wameshawafundisha wazamiaji wale ni vitu gani vya kuangalia, ndo maana maelezo yalifika kwa watu sahihi, na biskuti hizo zilikuwa vipande vya shaba ghafi vya miaka zaidi ya 3,000. Usiende kuwahoji kama polisi, kaa, sikiliza, rudi tena.

Kugeuza maneno kuwa ramani

Sasa una mashahidi watano wanaopingana. Usichague mmoja. Chora boksi kubwa kwenye ramani, ligawe viboksi vidogo, halafu kwa kila simulizi jiulize kama huyu anasema kweli meli iko kiboksi gani, kwa uwezekano asilimia ngapi, ukijumlisha na upepo na mkondo. Zijumlishe zote ukizipa uzito tofauti, aliyekuwa kwenye usukani anapewa uzito kuliko abiria aliyekuwa anatapika chini. Unaanza na kiboksi chenye asilimia kubwa. Ukikitafuta ukakosa usikifute, kipunguze tu, maana chombo chako kinaweza kupita juu ya meli kisione, na hizo asilimia ulizotoa zinasambaa kwenye vingine. Njia hii ilitumika kutafuta nyambizi ya Marekani USS Scorpion 1968, ikatumika kwa Central America, na baadae ndege ya Air France 447 iliyopatikana chini ya Atlantiki 2011. Ni hesabu za kawaida, unaweza kufanya kwenye Excel.

Vyombo vya kutafutia

Viwili vya msingi ni sonari ya kuvutwa na magnetomita. Sonari inavutwa nyuma ya boti, inatuma sauti kushoto na kulia, na kinachorudi kinachorwa kama picha ya sakafu ya bahari. Kitu kilichosimama kinatupa kivuli, na mara nyingi kivuli ndo kinachokwambia hii ni meli, sio jiwe. Boti inaenda kwa mistari sambamba, polepole, na mistari ipishane vya kutosha ili kila sehemu ionekane mara mbili. Kazi inachosha hiyo, saa nyingi unaangalia mchanga unapita kwenye skrini, kwa hiyo weka zamu fupi maana jicho lililochoka linaruka kitu.

Magnetomita yenyewe inasikia chuma: nanga, mizinga ya chuma, risasi za mizinga, boila. Haisikii dhahabu wala fedha wala mzinga wa shaba, msidanganyike na wauzaji. Na nguvu yake inaanguka vibaya sana, umbali ukiongezeka mara mbili alama inabaki moja ya nane, kwa hiyo lazima ipite karibu na sakafu. Meli ya mbao ya zamani mara nyingi haina umbo tena, mbao zimeliwa, kilichobaki ni tuta la farumi (mawe ya kuipa meli uzito itulie) na mizinga imelala juu, na sonari inaweza kukuonyesha rundo la mawe tu. Ndo hapo magnetomita inakuokoa.

Lakini kujua utafute nini kunashinda mtambo wa bei. Robert Ballard, mmoja wa viongozi wa msako wa Titanic, kabla ya hapo alikuwa amekagua nyambizi za Marekani zilizozama, Thresher na Scorpion, akagundua vitu vinavyomwagika wakati meli inashuka vinachukuliwa na mkondo vinatengeneza mkia mrefu chini. Wafaransa chini ya Jean-Louis Michel walikuwa wameshapiga eneo kubwa kwa sonari. Badala ya kutafuta meli, sasa wakaburuta kamera kutafuta mkia, na usiku wa 1 Septemba 1985, kina cha mita 3,800, kwenye skrini likatokea boila. Wakafuata mkia, meli hiyo.

Anders Franzén yeye alitafuta Vasa, meli ya kivita ya Sweden ya karne ya kumi na saba, bandarini Stockholm kwa boti ndogo na kichoma-sampuli alichotengeneza mwenyewe, kitu kizito chenye ncha tupu, unakiangusha kinachoma sakafu unakivuta juu unaangalia kimebeba nini. Mwaka 1956 kikapanda na kipande cha mwaloni mweusi. Mwaloni ukikaa majini muda mrefu unakuwa mweusi hivyo, na mti wa mwaloni hauoti chini ya bahari. Akahamisha boti kidogo akaangusha tena, mwaloni tena.

Ukipata kitu usitangaze. Thibitisha kwanza: pima urefu, hesabu boila au mizinga, tafuta kengele, linganisha na michoro na picha za zamani. Endurance ilikuwa rahisi, jina bado linasomeka kwenye tezi, yani nyuma ya meli. Nyingi hazitakupa zawadi hiyo. Na ukishathibitisha funga mdomo kuhusu namba za GPS, maana waporaji wanasoma mitandao kama wewe.

Kuzama

Cheti cha mwanzo kinakufikisha mita 18, cha juu yake mita 30, na mwisho wa uzamiaji wa burudani ni 40. Mita 40 kuna shinikizo mara tano ya juu, kwa hiyo hewa ya mtungi inaisha mara tano haraka, na kuanzia 30 hivi naitrojeni inaanza kulevya, mtu anacheka mwenyewe au anasahau kuangalia geji. Zaidi ya hapo unahitaji mafunzo ya ufundi na gesi za mchanganyiko, sio ujasiri. Panda taratibu, kama mita 9 kwa dakika au chini ya hapo, simama mita 5 kwa dakika tatu, na usipande ndege ndani ya saa 18 hadi 24.

Panga mbizi kwenye maji mafu, sio bamvua, na uingie wakati maji yametulia kati ya kujaa na kupwa. Kuingia ndani ya meli ni habari nyingine kabisa. Tope la ndani limekaa miaka likiwa laini kama unga, pezi likigusa mara moja huoni mkono wako, kwa hiyo kamba inafungwa nje na unaifuata kurudi, taa tatu, na hewa unaigawa theluthi: moja kuingia, moja kutoka, moja akiba. Bila mafunzo ya kuingia ndani, baki nje.

Meli za kina kirefu ni za roboti. Kule kwa Titanic shinikizo ni kama mara 380 ya juu. Juni 2023 chombo cha Titan, chenye mwili wa nyuzi za kaboni na ambacho hakikuthibitishwa na shirika lolote la ukaguzi, kilibonyea njiani kwenda kule na watu watano wakafa. Roboti ikibonyea unalia pesa tu.

Kabla hujashika kitu

Kitu kikiondoka mahali pake nusu ya habari zake zimeondoka. Sahani peke yake ni sahani, lakini sahani iliyokuwa pembeni ya kisu na buti kwenye chumba fulani inakwambia nani alikuwa anakula pale. Kwa hiyo funga alama za kudumu kuzunguka eneo, pima umbali kati yake, halafu piga picha mamia au maelfu zinazopishana kwa asilimia 60 hadi 80, pamoja na fito za vipimo, programu itatengeneza umbo la pande tatu. Kila kitu namba yake, picha yake mahali kilipo, kina chake, jina la aliyekigusa. Namba inafungwa na kitu palepale chini, usiseme utakumbuka ukifika juu.

Kuchimba kunafanywa na mkono unaopepea maji juu ya mchanga, polepole, na bomba la kunyonya linawekwa pembeni kuondoa vumbi, halichimbi lenyewe. Kinachotoka kwenye bomba kinapita kwenye chekecheo. Kitu kikilegea usikivute, kichimbie pembeni hadi kijiachie. Vidogo vinapanda kwenye boksi lenye kifuniko pamoja na maji yake na mchanga wake, vizito kwenye fremu yenye mikanda mipana, na wakati wa kuinua asibaki mzamiaji chini ya mzigo.

Ukishatoa

Saa inaanza kuhesabu. Sheria moja: kisikauke. Kitu kilichokaa mamia ya miaka majini kimefikia mapatano na maji, ukikianika juani chuma kinapasuka, mbao zinajikunja na kusinyaa, ngozi inakuwa kokoto. Kiweke kwenye maji ya bahari hapo hapo kwenye boti, baadae maabara itabadilisha kidogo kidogo kwenda maji yasiyo na chumvi.

Vyungu na kaure vinakaa kwenye maji safi yanayobadilishwa mara kwa mara hadi chumvi iishe, maana chumvi ikikaukia ndani inajenga fuwele na rangi ya juu inabanduka. Fedha inatoka nyeusi, usiisugue. Dhahabu haina neno, unaiosha tu. Chuma ndo kichwa maumivu: kinakuja kimevikwa gamba gumu la kutu, chokaa na mchanga, linaweza kuwa kubwa mara kadhaa ya kitu chenyewe. Usipige nyundo. Piga eksirei kwanza, kwa sababu mara nyingine chuma chote kimeshayeyuka na kilichobaki ni uwazi wenye umbo la kisu au kufuli, na hapo unamimina gundi ya epoksi ndani ya uwazi, ikishika unavunja gamba na unapata umbo kamili la kitu ambacho hakipo tena.

Mbao zinapewa polietilini glaikoli, nta fulani inayoingia taratibu kuchukua nafasi ya maji. Vasa ilitolewa 1961 na ikanyunyiziwa hiyo kitu miaka 17. Mary Rose ilitolewa 1982, minyunyizio ikaja kuzimwa 2013, na hiyo ina vitu kama 19,000 pembeni yake vinavyohitaji kila kimoja matibabu yake. Ndo maana mimi nasema hesabu matangi kabla ya kuhesabu vitu: kama una nafasi ya mizinga miwili toa miwili, mingine ifunike mchanga tena, iko salama pale kuliko kwenye bohari lako.

Mzinga wa chuma unaingia kwenye tangi la kostiki soda, unapitishiwa umeme mdogo, na kila baada ya muda unachota maji unapima chumvi iliyotoka. Mwanzoni namba inapanda haraka, unabadilisha maji, inapanda tena, miezi inapita, miaka inapita kwa mzinga mkubwa. Namba ikikataa kupanda hata baada ya kubadilisha maji mara kadhaa, unausuuza, unaukausha, unaupaka kinga dhidi ya kutu halafu nta, na unauweka chumba kikavu chenye kipimo cha unyevu ukutani. Faili lake lenye namba ile uliyoifunga chini ya bahari unalikabidhi makumbusho pamoja nao.